Cheti Kilitangulia Unguja

Neno lenyewe nililipata kwa muuza mbuzi, na kwa siku tisa sikuweza kulitoa moyoni.

"Mama Hanifa, huyu ndiye bwana harusi?"

Aliyeuliza ni Rispah, mama wa Samburu, ile ya huku Pwani, anayetuletea mbuzi huku Msambweni tukiwa na shughuli. Nilikuwa nimemwagiza mbuzi sita wa harusi ya binti yangu, na kwa furaha yangu nikampa simu aitazame picha.

"Ndiye. Swabir huyo. Anaendesha magari ya wageni Diani."

Akaitazama sana ile picha.

"Mbona kule kwetu huyu wanamwita Baba Tima?"

"Tima ni nani?"

"Nasikia tu, mama. Mimi si mtu wa maneno. Huenda ni mtu wanafanana."

Akanirudishia simu, akaanza kunieleza habari za mbuzi. Sikusikia hata moja.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia Hanifa siku ile ile. Sababu ni hii. Miaka miwili nyuma Hanifa alikuwa na mchumba mwingine, Abdulaziz. Nikasikia kwamba ni mlevi, nikaivunja ile posa kabla ya kuuliza mtu wa pili. Kumbe mlevi ni jirani yake. Abdulaziz akaoa kwingine, na Hanifa alikaa miezi mitatu akinijibu "naam" na "la" tu. Kwa hiyo safari hii nikajiambia, Mama Hanifa, funga mdomo wako.

Na mtoto alikuwa na furaha. Anafundisha chekechea, na Swabir alimjua siku alipoleta wageni waliokuja kutoa vitabu. Wageni walishuka, wakapiga picha, wakaondoka. Yeye akarudi kesho yake, peke yake, eti kuna mgeni alisahau kofia. Kofia yenyewe hakuna aliyeiona.

Siku moja baada ya maneno ya Rispah, Hanifa alikuwa jikoni na daftari lake. Simu aliiweka spika ili apate kuandika.

"Siku mbili mji, siku tatu visiwa," Swabir alikuwa akisema. "Nikahi ni Ijumaa. Jumapili tunavuka Lunga Lunga, tunalala Tanga, asubuhi boti ya Unguja. Siku mbili tunatembea Mji Mkongwe, unaona majumba ya masultani yale unayosomea vitabuni. Kisha visiwa. Changuu kwanza, kuna kobe wakubwa. Halafu Pemba."

"Pole pole, naandika. Pasi ninayo, na kadi ya sindano ya homa ya manjano je?"

"Utadungwa Alhamisi hii. Usiogope, nitakushika mkono kwa simu."

"Nani amesema naogopa? Na fungate? Mama anasema bi harusi hukaa ndani siku saba."

"Mwambie mama fungate ni hiyo hiyo, tumeihamisha tu."

"Mwambie mwenyewe. Anakusikia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo nini hiyo, kumvusha bi harusi mpaka wa nchi hata hina haijakauka? Ukitaka visiwa, Chale si hicho hapo?"

"Chale napeleka wageni kila wiki, mama. Nikienda na mke wangu, meneja atanipa mizigo nibebe."

Hanifa akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Na mimi nikacheka. Nawaambia kweli, nilimpenda yule kijana. Ndiyo maana lile neno lilizidi kunichoma.

"Wewe Unguja umepajulia wapi?" nikamuuliza.

"Nilipeleka wageni mwaka jana, mama. Nikaona nyumba moja ya kulala, ya heshima, wenyewe watu wa dini. Nimeshamwandikia mwenye nyumba. Hanifa, nakutumia namba, umpigie umalizie mambo ya chumba. Mimi niko na wageni mbugani hadi Jumamosi ya wiki ijayo, mtandao wenyewe ni wa kubahatisha."

"Sawa, bwana."

"Bwana nani?"

"Bwana Swabir," akasema, na haya ikamshika kwa sababu yangu.

Siku zikapita. Kila Rispah akipiga simu kuhusu mbuzi, natoka uani kuzungumza naye, na simuulizi lile jambo. Naogopa atanijibu.

Siku ya tisa Hanifa akapata nafasi ya kupiga Unguja. Spika tena, daftari tena. Mimi nilikuwa nakuna nazi.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka Kenya. Ni juu ya chumba cha Swabir, cha Jumatatu baada ya ijayo."

"Aa, Swabir, bwana wako keshaniandikia. Hamjambo huko? Siku mbili kwangu, kisha tatu visiwani, kama ile mara. Mnataka chumba kile kile cha juu?"

Hanifa akainua uso kutoka daftarini.

"Kile kile?"

"Kile chenye baraza. Na cheti cha ndoa msihangaike kuleta. Kwangu mume na mke bila cheti siwalazi, wenyewe mnajua, lakini chenu ninacho tangu mwaka jana. Ni Bi Mwanapili nasema naye, siyo?"

Mkono wangu ulisimama juu ya mbuzi ya nazi. Nilidhani mtoto atakata simu. Hakukata.

"Naam," akasema. "Ni mimi."

"Nilidhani sauti imebadilika. Na mtoto keshakuwa mkubwa?"

"Keshakua."

"Mashallah. Alivyolia kwa joto, maskini, na miezi yake minne. Safari hii mnakuja naye?"

"La. Safari hii hatuji naye. Mama, nisaidie kitu kimoja. Cheti changu kimeniharibikia kwa maji. Unaweza kunitumia picha ya hicho ulicho nacho?"

"Mara moja, mwanangu. Kimo humu humu kwenye simu."

Wakaagana vizuri. Dakika mbili tu, simu ikalia. Hanifa akaifungua picha, akaikuza kwa vidole viwili, akasoma kama anavyowasomea watoto wake wa chekechea, herufi kwa herufi. Jina la mume, Swabir, na jina la babake. Jina la mke, Mwanapili. Tarehe, miaka mitatu iliyopita. Mahali, Samburu.

"Mwanangu," nikasema.

"Ngoja kwanza, mama."

Akaandika ujumbe. Alinionyesha kabla ya kuutuma.

*Mama wa Unguja anasema cheti chetu anacho tayari.*

Jibu likaja upesi, mtandao wa mbugani siku hiyo ulikuwa mzima.

*Cheti gani tena mpenzi. Atakuwa amechanganya wateja. Wazee hao.*

Hanifa akamtumia ile picha, bila neno. Simu ikaanza kuita. Ikaita mara sita. Ya saba akaandika: *Jumamosi njoo nyumbani baada ya alasiri. Mjomba Chirau atakuwepo.*

Kabla sijapata la kumwambia, simu yangu nayo ikaita. Rispah. Na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na nazi, Hanifa ndiye aliyeibonyeza spika.

"Mama Hanifa, mbuzi wako tayari, naleta Jumatano. Na lile neno la Baba Tima nililokwambia juzi, ulikwenda kuuliza? Maana mimi sasa nina hakika. Mkewe ni jirani ya dada yangu."

Hanifa akanitazama.

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilisikia."

"Lini?"

"Siku tisa."

"Siku tisa unanitazama nikiandika kobe kwenye daftari."

"Niliogopa, mwanangu. Ya Abdulaziz..."

"Ya Abdulaziz hukuuliza ukasema. Haya hukuuliza ukanyamaza. Kuuliza, mama, kunakushinda nini? Samburu si mbali."

Rispah bado alikuwa kwenye simu. Hanifa akamwomba namba ya Mwanapili, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi Swabir alikuja na shati la kazini. Kakangu Chirau alikuwa amekaa kwenye kiti, sisi mkekani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Keti. Nina maswali machache, sina matusi. Una mke?"

"Ninaye."

"Siku ya posa nilikuuliza hapa hapa una mke au huna. Ulisema nini?"

"Nilisema sina."

"Na wale wazee watatu uliokuja nao? Yule Mzee Jaafar aliyejiita baba yako mdogo?"

Swabir akainamisha kichwa.

"Ni mwenye nyumba niliyopanga Ukunda."

"Alivaa kanzu nzuri," Chirau akasema. "Nasi tukamkaribisha kahawa."

"Mjomba, nilitaka kusema baada ya nikahi. Dini hainikatazi mke wa pili."

"Haikukatazi kuoa. Uongo je, imekuruhusu wapi?"

Hanifa akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo:

"Swabir, mimi pengine ningekubali kuwa wa pili. Pengine ningekataa. Hukunipa nafasi ya kujua. Lakini kuna kitu kimoja nataka unieleze. Chumba kile kile, baraza ile ile, siku mbili na tatu zile zile. Hata safari hukunipangia yangu?"

"Nilipapenda, Hanifa. Wallahi nilitaka nawe upaone."

"Ulipapenda ukiwa na mwenzangu. Nimezungumza naye."

Hapo ndipo alipobadilika rangi.

"Umempigia Mwanapili?"

"Nimempigia. Ameniambia safari ile alipanga yeye. Aliuliza watu boti inaondoka saa ngapi, akatafuta nyumba ya watu wa dini, akachagua chumba cha juu kwa sababu ya mtoto na joto. Wewe ulimfuata tu na mkoba. Ndipo ukaja kunisomea mimi kwenye simu kama imetoka kichwani kwako."

"Amesemaje?"

"Kakuagiza ukirudi kutoka kwa wageni umnunulie Tima dawa ya kikohozi. Aliambiwa Ijumaa ijayo, ya nikahi yetu, utakuwa kazini Voi."

Swabir akanitazama mimi, labda akitafuta mtu wa kumwonea huruma. Nami nilikuwa nayo, sitawaficha. Nikatazama mkeka.

"Hanifa, nakupenda."

"Najua. Hilo sikukuuliza."

Chirau akamrudishia vitu vya posa vyote vimefungwa, hakuna kilichopungua. Swabir akaaga kila mtu kwa adabu, akaondoka. Hatukumsikia tena, ila Rispah anasema siku hizi anaonekana Samburu kila Jumapili, amembeba mtoto.

Mbuzi wa harusi nikamwambia Rispah asilete. Jirani waliuliza, nikawajibu kwamba nikahi haipo na sababu tunazo. Wengine walisema uke wenza si aibu, tungempa tu. Nikawaambia mwenyewe amekataa.

Mimi na Hanifa ilituchukua muda. Siku moja, karibu mwezi umepita, nilimkuta anakunja nguo zake za kazi, nikaketi.

"Mwanangu, nisamehe. Ya kwanza na ya pili."

"Ya kwanza nilishakusamehe zamani, mama. Nilikuwa nakuringia tu."

"Miezi mitatu?"

"Ulistahili minne."

Tukacheka. Kisha akalia, nami nikamwacha alie, sikumwambia anyamaze. Alipomaliza akasema:

"Anayekuja mwingine, wewe ndiye utakayepanda gari uende kwao. Si simu. Uende."

"Nitakwenda."

"Na usirudi na neno moja. Rudi na mambo yote, mabaya na mazuri, uniwekee hapa. Kuchagua nichague mimi."

Nimeyaandika haya kwa kina mama wenzangu wenye mabinti. Shule yangu iliishia darasa la saba, kama kuna nilipokosea mtanisahihisha. Lakini haya yaepukeni:

Usipokee wazee wa posa kwa kuangalia kanzu. Uliza kila mmoja ni ndugu wa nani, na kwao ni wapi.

Usiulizie habari za kijana kwake mwenyewe, wala kwa rafiki zake wa kazini. Tuma mtu mzima afike kwao.

Usivunje posa kwa neno la mtu mmoja.

Usimruhusu binti afurahie safari ya mbali kabla hujajua anayempeleka alikwenda huko na nani.

Usidharau anachosema mtu wa sokoni kwa kuwa ni mtu wa sokoni.

Usiseme dini imeruhusu kabla hujauliza kama ukweli umesemwa.

Usimlaumu yule mke mwingine. Naye alidanganywa, na mtoto anakohoa.

Usikae na jambo la mtoto wako moyoni ukijiambia unamlinda. Mwenye maisha ni yeye. Mpe ajue.