Seva ya Marehemu Fabiano

Kilichomshangaza Damalie kwanza ni joto. Seva ilishushwa kwenye bodaboda asubuhi, haijachomekwa umeme tangu mwenyewe afe, lakini ilikuwa na joto kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Yeye ndiye aliyeichagua. Ofisi yao ya kupitisha mizigo hapa mpakani Busia ilichoka kubebeana mafaili kwa flashi. Bosi, Hajji Mutwalibu, akamwambia achague: mpya ndogo ya dukani Tororo, au ile kubwa iliyotumika ya marehemu Fabiano, ambayo ndugu wa marehemu alikuwa anaiuza kule Masaba. Damalie akaangalia nafasi ya kuhifadhi mafaili tu, akachagua ile kubwa. Fabiano alizikwa jana yake, wafiwa hawajanyolewa nywele, na kwao kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla ya kunyolewa. Alijua, jamani! Ila mizigo ilikuwa imerundikana.

Kila mfanyakazi akapewa folda yake. Katika yake Damalie akaweka na vitu vya Atai, binti yake wa miaka sita: cheti cha kuzaliwa, picha, karatasi za shule.

Siku ya tatu ikatokea folda iitwayo Fabiano. Akaifuta. Baada ya chakula cha mchana ikarudi, na chumba kikanuka udongo mbichi. Ndani yake yamo mafaili yote ya Engole, karani wa meza ya dirishani. Kesho yake Engole akalalia meza saa sita mchana, hakuamka tena.

Wiki iliyofuata yakahamia humo mafaili ya Patience, karani mwenzao. Naye akalala, asiamke.

Kwenye mazishi yote mawili Damalie hakulia. Moyo ulikufa ganzi, akala wali wa matanga akarudi kazini, akaketi akisikiliza feni ya ile mashine ikivuta pumzi na kuishusha, kuvuta na kushusha, polepole kama mtu aliyelala chumba cha pili, hata alipoichomoa kwenye umeme na kusimama na waya mkononi, bado ikivuta, bado ikishusha.

Hajji akamleta Sheikh Abdunoor na chupa yake ya maji ya kisomo.

“Sheikh, usimwage hapo, utapigwa shoti,” Damalie akanong'ona.

Sheikh akaweka chupa chini. Akasoma, akasikiliza, jasho likamtoka.

“Hajji, huyu si Fabiano. Ni jini, limekalia nafasi yake kabla haijafungwa. Irudisheni kwa mjane, kule bado hawajanyolewa, iwepo watu wakinyolewa. Na msibaki na kitu chake chochote, mnasikia?”

“Nasikia, Sheikh,” Hajji akajibu. “Mama Atai, ile mpya nanunua leo leo. Hii peleka kwao.”

Basi Damalie akafanya alivyozoea. Mtu wa kompyuta haachi mashine kabla ya kunakili. Akaunganisha ya zamani na mpya, akachagua vyote, akanakili, akaenda kunywa chai.

Huko Masaba, Nasirumbi, mjane wa Fabiano, aliipokea akaiweka katikati ya wafiwa. Nyembe zikapita, nywele zikaanguka, na mashine ikapoa chini ya kiganja cha Damalie hadi ikawa baridi ya chuma tu. “Imekwisha, dada,” mjane akasema. Damalie alitamani kufurahi, furaha haikuja.

Jumatatu akaingia ofisini akaiwekea mkono seva mpya. Ilikuwa na joto.

Akafungua. Folda Fabiano ilikuwepo, aliinakili mwenyewe pamoja na nyingine. Ndani yake, juu kabisa, cheti cha kuzaliwa cha Atai. Kisha picha. Kisha karatasi za shule. Akafuta, zikarudi. Akafuta tena. Harufu ya udongo ikajaa chumba.

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa Atai.

“Mama Atai, pole kukusumbua. Mtoto amelala hapa darasani, tunamwamsha haamki. Jana hakulala vizuri?”

Damalie alisikia kila neno. Feni ikavuta pumzi, ikashusha.

“Alilala vizuri, mwalimu,” akasema. “Amelala tangu saa ngapi?”