Nilimwagilia Mti Nikimngoja Mume

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mshonaji wa nguo hapa Kasenga, mjini Uvira. Wengine wakisimulia mikasa yao hulia. Mimi silii. Machozi yangu yote niliyamaliza kwa ajili ya mti, na zamu ya mume wangu ilipofika nikakuta hayakubaki...

Ndiyo, mti! Chekeni tu. Majirani zangu walicheka kabla yenu.

Mume wangu nitamwita Deo. Alikuwa agronomi, kazi yake ikiwa kuwafundisha wakulima wa mpunga katika uwanda wa Ruzizi. Jumatatu alipanda pikipiki kwenda Lubarika, Ijumaa alirudi na matope kwenye suruali, nami nikafua. Tulikaa miaka mingi bila mtoto. Hakunitukana, hakunifukuza, na ndugu zake walipoanza maneno yao aliwanyamazisha. Niambieni, ningemshukuje mwanamume wa namna hiyo?

Ijumaa moja alirudi na mti mdogo ajabu. Urefu wake haukuzidi mkono wangu toka kiganja hadi kiwiko, lakini shina lilikuwa limepinda na kuzeeka kama la mti wa miaka mingi. Ulikuwa umepandwa katika chungu kipana kama sinia. Aliniambia kwamba padri mmoja wa Ulaya aliyerudi kwao ndiye aliyemwachia. Ni mtarakwa, akasema, ndugu wa sipre tunazoziona makanisani, ila umekatwakatwa kwa ufundi mpaka ukakubali kubaki mdogo. Ufundi huo huitwa bonzai. Akauweka nje, juu ya matofali, karibu na mlango.

"Huyu sasa ni mtoto wetu," akasema.

Nami nikampenda! Nilimfuta vumbi, nikamsemesha asubuhi kabla ya kufungua cherehani. Majirani wakasema nimenyimwa mtoto nikapewa kichaka. Maneno yalichoma, lakini niliyazoea.

Kisha vita vikaja. Risasi zilianzia uwandani na kila siku zikasogea kidogo upande wetu. Deo aliondoka asubuhi moja akisema anakwenda Lubarika kuwatoa watu wake wa kazi, na kesho yake atakuwa nyumbani. Kesho yake barabara ikafungwa. Siku zile hatukuwa na simu mfukoni. Nikangoja... nikangoja... hakuna aliyeleta hata salamu.

Sisi watu wa Uvira vita vimetufundisha jambo moja: kitu chenye thamani kinaingia ndani. Mbuzi ndani, godoro ndani, cherehani ndani. Basi nami nikauingiza mti. Zikilia risasi nilikuwa nausukuma chini ya kitanda, zikinyamaza nauvuta pembeni. Madirisha nilifunga kwa misumari. Bomba lilikuwa limekauka, kwa hiyo nilichota maji ziwani na kuunywesha kila siku, kama mgonjwa anayepewa uji. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi ambayo sisi wenyeji hatuisikii tena mdomoni. Mti uliisikia. Udongo ukafanya ukoko mweupe, ncha za majani zikageuka kahawia, na kila nilipougusa ulinimwagikia vumbi kavu mkononi.

Wakati huo huo kaka mkubwa wa Deo alikuja na wazee wa familia. Kwetu, mtu akipotea vitani na habari zake zikakosekana, familia hukaa na kukubaliana, kisha mikeka hutandikwa uani na mtu analiliwa matanga bila maiti. Mkeka ukishatandikwa, mke anakuwa mjane. Shemeji alisema muda umefika. Nilikataa! Niliwaambia mti wa Deo uko hai, na maadamu uko hai, naye yuko hai. Ukifa, nitatandika mkeka kwa mikono yangu.

Shemeji alinitazama kama anayemwona mtu aliyerukwa na akili. Lakini alikuwa mpole, akakubali kungoja.

Mnaona nilivyojifunga? Ujane wangu wote niliutundika kwenye kijiti kinachokauka.

Siku chache baadaye wakimbizi wa uwandani wakamiminika mjini, na kanisani tukaombwa tuwapokee. Mlangoni kwangu alisimama mama mmoja Mrundi wa Lubarika, Goreti, na mtoto wa kike mgongoni. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya mti, kikombe mkononi, nikisema kwa sauti kwamba ukipona huu, baba wa nyumba hii anarudi. Alisimama hapo muda mrefu bila kubisha hodi. Nilipogeuka nikamwonea huruma, nikamkaribisha. Nilidhani ananyamaza kwa uchovu.

Goreti alikuwa mtu wa kazi. Alifagia, alipika ugali, alikwenda kuchota maji bila kutumwa. Kitu kimoja tu hakukigusa kamwe: mti. Aliuangalia kwa mbali tu, mpaka siku moja akasema:

"Mama, hii muti iko nataka inje. Mu nyumba itakufa. Itoshe, uiweke fasi jua ya asubuhi inafika."

Nilimwambia umeshakufa nusu, kuutoa nje kutasaidia nini? Akaniambia nikwaruze ganda kidogo kwa ukucha. Kama chini yake kuna ubichi, tawi lingali zima. Kama ni kahawia, basi. Nikakwaruza tawi la kwanza: kahawia. La pili: kahawia. Nikazidi kukwaruza, jamani! Upande wa nyuma, chini ya tawi moja nene, nikaona kijani.

Akanieleza kwamba mti huu hufa kimya. Mizizi inaweza kufa leo, na majani yakabaki kijani kwa wiki nyingi, yakikudanganya.

Basi nikaanza kujifunza, mimi niliyekuwa sijui hata kupanda mchicha. Niliubeba nje mwenyewe, nimeshika kingo za chungu. Nilibandua ule ukoko mweupe. Nikaacha maji ya ziwa na kukinga ya mvua, na sikuumwagilia mpaka niingize kidole na kukuta udongo umeanza kukauka. Nilitaka kuubadilishia udongo wote na kutia mbolea ya mbuzi, Goreti akanikataza: mgonjwa halishwi karamu, akacheka. Nilitaka kukata matawi makavu yote, akaniambia ningoje. Kungoja ndiyo ilikuwa kazi kubwa. Miezi ilipita, risasi zikija na kuondoka, na mtoto wake, Espe, akajifunza kusema jina langu.

Asubuhi moja nikaona ncha mpya, laini, za kijani cha mpunga mchanga. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka! Nikamtuma mtu kwa shemeji amwambie hakuna matanga, Deo yuko hai. Goreti aliingia ndani. Sikujiuliza kwa nini.

Jua lilikuwa limebadilika, nikataka kuuhamishia upande wa pili wa mlango. Safari hii nikaingiza mikono chini ya chungu ili niunyanyue vizuri. Goreti alikuwa akichambua mchele. Hata hakuinua kichwa.

"Polepole, mama. Ile waya ya chini isikukate mukono."

Nikasimama. Waya gani? Nikapapasa chini ya chungu. Kulikuwa na waya wa breki ya baiskeli, umepitishwa kwenye matundu kushikilia mizizi, ncha zake zimesokotwa. Muda wote ule sikuwahi kuugusa wala kuuona. Na Goreti hakuwahi kukinyanyua chungu hicho... nyumbani kwangu.

"Weye umejua namna gani?" nikamwuliza.

Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika.

Alinieleza akiwa amepiga magoti palepale. Waya aliufunga Deo, mlangoni kwake Goreti, kule Lubarika. Mti ulikaa kwao tangu padri alipoondoka. Deo ndiye aliyemfundisha kuutunza. Aliuleta kwangu baada ya Espe kuanza kutambaa na kuyang'oa majani yake. Espe, mtoto wa Deo...

Mtoto wetu, aliniambia. Kumbe aliniletea kile ambacho mtoto wake alikuwa anakiharibu!

"Na yeye iko wapi?" nikauliza.

"Alikufa, mama. Risasi ilimukuta mu barabara akikuja kututosha. Siye wanamuke tulimuzika na majembe, karibu na mpunga. Minye nilikuja kukuambia, siku ile ya kwanza. Nikakukuta uko nasema na muti. Kinywa ikakataa."

Mnataka kujua nilifanya nini? Niliokota mchele. Punje kwa punje, pamoja naye. Sikuhisi kitu. Hasira ilikuwa wapi? Wivu ulikuwa wapi? Nilijikwaruza ndani nikitafuta, nikakuta kukavu.

Kisha nikaenda kwa shemeji nikamwambia atandike mikeka.

Fikirini aibu hiyo! Mti umepona, unang'aa mlangoni, na mwenye mti anatandikiwa mkeka mbele yake. Wanawake wa ukoo walikaa chini pamoja nami. Goreti alisimama jikoni na wapishi, Espe mgongoni. Habari zilikuwa zimeshaenea, na shangazi wa Deo akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke asiyejulikana na familia hana mahali kwenye mkeka. Wote wakaniangalia. Neno langu ndilo lililongojwa, kwa sababu mjane ndiye mwenye mkeka.

Nilimtazama yule mtoto. Ana paji la uso la Deo, hata mikunjo yake. Nikamfikiria mama yake akiuponya mti miezi yote ile, huku akijua kwamba kila jani jipya linamfungia kinywa zaidi.

Nikasogea, nikamwachia Goreti nafasi kando yangu.

Alikuja akakaa. Bega lake likagusa langu, na hapo tu, kwa mara ya kwanza, nikasikia joto mwilini.

Ndugu zangu, hasa nyie kina mama mnaongoja watu waliopotea katika vita hivi visivyokwisha, nawasihi. Msifunge uhai wa mtu kwenye kitu, mkakifungia ndani na kukimwagilia kila siku. Kitoeni nje. Kwaruzeni mapema, mjue kilicho kibichi na kilicho kikavu, hata kama mnaogopa. Nami mume wangu sijamsamehe. Nikiulizwa nasema hivyo hivyo.

Mti bado uko mlangoni. Upande mmoja ni mfupa mweupe, upande wa pili unaishi kwa ukanda mmoja mwembamba wa ganda unaopanda toka chini. Goreti anaishi nyumba ya pili toka kwangu. Espe ameolewa, na mwezi uliopita alikuja na mwanawe anayeanza kutambaa. Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye mti, akanyofoa majani kiganja kizima. Mama yake akapiga kelele. Mimi nikamwambia amwache.