Kidole Kimoja Juu ya Mstari

Wifi yangu Kazija hawezi kuiona bei akainyamazia. Ukimpa maji ya bure atakuuliza kama huongezi barafu. Alikuja Guangzhou kuchukua mzigo wa vitambaa kwenye soko la Zhongda, akafikia kwetu Xiaobei, na tangu alipoingia mlangoni mimi sikupumua. Mchuzi una chumvi. Chai nyepesi. Kaka yake amekonda tangu anioe. Siku moja kabla ya safari yake ya kurudi Dar akatangaza kuwa tutakwenda sote kwenye ile bustani kubwa ya michezo kule Panyu, tumfurahishe mtoto. Tena twende jioni, maana jioni tiketi hushuka bei.

Mtoto ni Ilham, binti yangu wa pekee, miaka saba. Nilimshonea gauni la njano kwa mkono wangu mwenyewe. Pindo nililiishiliza juu kidogo ya kifundo cha mguu, asije akajikwaa.

Likumbukeni hilo pindo.

Tulishuka kwenye treni jua likizama. Taa za geti zilishawaka, na juu yake vibehewa vilikuwa vinapanda kwenye vyuma, vinasita kidogo, halafu vinaporomoka na watu wake wakipiga mayowe. Kando ya dirisha la tiketi palikuwa na ubao uliochorwa twiga, na shingoni mwa twiga mstari mwekundu. Mtoto aliye chini ya mstari anaingia bure.

Ilham alizidi kidole kimoja.

"Laoban, pianyi!" Kazija akamwambia binti wa tiketi, kama yuko sokoni anamwomba bosi wa duka apunguze.

"Meiyou," yule binti akajibu. Hakuna. Hata hakuinua macho.

"Ilham, kunja magoti kidogo," Kazija akanong'ona.

Ghalib, mume wangu, alicheka tu. Mbele ya dada yake yule bwana hana mdomo. Nami sikuwa na nafasi ya kusema, kwa sababu mlinzi alikuwa ameshanivuta pembeni. Alifungua mkoba wangu, akazitoa sambusa zangu moja moja, akazitupa kwenye pipa huku ananitazama usoni. Nilikuwa bado nabishana naye kwa ishara niliposikia sauti ya mwanamke nyuma yangu, Kiswahili cha kwetu kabisa, laini.

"Urefu umezidi?"

Nikageuka. Mwanamke mrefu, mwembamba, gauni la kijivu, mtandio wa kijivu. Mkononi kigari cha mtoto, kimefunikwa kitambaa cheupe mpaka chini. Nilidhani ni mmoja wa wenzetu wanaoshonesha nguo Kangle, maana mkononi alishika kibunda cha uzi.

"Kidole tu," Kazija akamjibu.

"Naweza kuwapunguzia."

"Kwa hela ngapi?"

"Sichukui hela. Nachukua kile kilichozidi."

Mtu mwingine angeuliza maana yake. Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Kazija akafanya analolifanya kila siku mbele ya kila duka.

"Kidole kimoja tu? Ah, usitubanie, mama. Punguza zaidi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka utakapoweza mwenyewe."

Yule mwanamke akatabasamu. Akachuchumaa, akaubana uzi chini ya kisigino cha mwanangu, akaupandisha mgongoni, shingoni, mpaka utosini. Kisha akaukata kwa meno.

Bibi yangu alikuwa hakubali kabisa mtoto apimwe kwa uzi. Alisema anayepimwa kwa uzi ni yule anayekatiwa sanda.

"Nani kakuruhusu umpime mwanangu?" nilimfokea, nikauacha mkoba mikononi mwa mlinzi.

"Swalha, tuondolee mikosi," Kazija akasema. "Mtu anatusaidia."

Yule mwanamke aliinama, akautia uzi ndani ya kigari, chini ya kile kitambaa. Hapo ndipo nilipoinusa ile harufu. Pamba mpya... na kafuri. Kafuri ile wanayotiwa maiti.

Akaondoka akisukuma kigari. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Kwi... kwi... kwi...

Kazija akamsimamisha Ilham tena mbele ya twiga. Kichwa kilikuwa chini ya mstari. Binti wa tiketi akatazama, akatazama tena, akatufungulia.

"Umeona?" Kazija aliniambia, ameridhika.

Ndani palikuwa na watu mpaka pa kukanyaga hapaonekani. Tulisukumwa, tulikanyagwa, kijana mmoja akatupiga picha kwa simu bila kuomba, akacheka na wenzake. Kazija alilalamikia bei ya juisi. Ilham alikuwa amenishika mkono, ametulia, na mimi nilikuwa natembea nikihisi mgongo unauma. Nilifika mbali kabla sijajua kwa nini unauma.

Nilikuwa nimeinama.

Nilikuwa nimeinama ili mkono wangu uufikie wa mwanangu.

Nikatazama chini. Pindo la gauni la njano lilikuwa linaburura sakafuni. Kiatu kimoja kilishamtoka, hatujui wapi.

"Baba Ilham," nikasema. "Mtazame mtoto."

"Amechoka, amejikunja," Kazija akajibu, wala hakuulizwa yeye.

Tulikuwa tumefika kwenye mashua za maji. Hapo napo palikuwa na ubao, ila huu ulikuwa wa kuwazuia watoto wadogo mno. Mfanyakazi akamweka Ilham kwenye ubao, akapunga mkono wa kukataa. Ghalib akambeba mtoto kumfariji... na uso wake ukabadilika.

"Mama Ilham," alisema polepole. "Mtoto huyu mbona mwepesi?"

Ilham akafungua mdomo. "Baba, miguu yangu inaondoka."

Akasema hivyo tu, kwa sauti ya mtoto anayeomba maji.

Kwi... kwi... kwi...

Kigari kilikuwa kinapita ng'ambo ya maji. Pale getini sikuwa nimeona kitu chini ya kile kitambaa. Sasa palikuwa na miguu. Miguu miwili myembamba, myeusi, imening'inia. Na mguu mmoja ulikuwa umevaa kiatu cha mwanangu.

Nilikimbia. Niliwapiga watu vikumbo, wakanitukana kwa lugha yao, nami nikawatukana kwa yangu. Nilimpata yule mwanamke nyuma ya kibanda cha maputo kilichofungwa, mahali ambapo mwanga wa gurudumu kubwa la angani ulikuwa unafika kwa vipande vipande. Miguu ya kwenye kigari ilishafika chini. Ilikuwa inajisukuma yenyewe, taratibu, mbele na nyuma.

"Nirudishie mwanangu," nikasema.

"Sikumwiba." Alikuwa ananong'ona. "Niliuliza mpaka wapi. Nikaambiwa mpaka nitakapoweza. Na wangu alikuwa na hamu ya kusimama siku nyingi."

"Nipime mimi. Chukua kwangu."

"Wewe hukupatana nami." Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitisha kuliko kitu kingine. "Anayerudisha ni yule aliyepatana. Niletee kipimo chake. Asimame mwenyewe, kwa ridhaa yake, bila viatu. Lakini ukinipatanishia hilo, na wewe utakuwa umepatana."

Akakata uzi mrefu, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa baridi.

"Wahi. Mwanao hakubakiwa na mengi."

Sikuuliza swali. Nasema ukweli wangu: sikujiuliza hata mara moja. Niliukunja uzi ngumini nikarudi mbio.

Ghalib alikuwa anazunguka na mtoto kifuani, anatafuta mtu wa kumwonesha njia ya kwa daktari, na kila anayemsimamisha anampita. Gauni lilikuwa limemmeza Ilham. Kichwa chake kilikuwa kikubwa mno kwa kile kilichobaki. Kazija alikuwa amekaa kwenye benchi, amevua viatu, anasugua nyayo.

"Umetuacha na mtoto mgonjwa unakimbilia wapi?" akanifokea. "Ndiyo maana haongezeki, hata kumlisha hujui."

Nikatabasamu. Sijui nilitabasamu vipi.

"Wifi, nimekutana na fundi wa Kangle," nikasema. "Anataka kukushonea abaya. Anaomba kipimo chako sasa hivi, kesho unasafiri."

Macho yake yakafunguka. "Kwa bei gani?"

"Bure."

"Bure?" Akainuka. Hata viatu hakuvaa. "Pima vizuri basi, isije ikaniburura. Nisimame hivi?"

"Hivyo hivyo. Simama wima."

Nikaubana uzi chini ya kisigino chake. Ghalib alisimama. Aliuona uzi. Aliitazama mikono yangu, akamtazama dada yake, kisha akamtazama mtoto kifuani. Halafu akatugeuzia mgongo.

Nikaupandisha uzi mpaka utosini. Nikaukata kwa meno. Ulikuwa na ladha ya kafuri.

"Mwambie asisahau lesi kwenye mikono," Kazija akasema.

Niliupeleka mbio nyuma ya kibanda; mwanamke wa kijivu aliupokea, akautia ndani ya kigari. Taa za gurudumu zikazimika upande mmoja. Nilipofika kwenye benchi Ghalib alikuwa amekaa chini, anahema, na juu ya mapaja yake Ilham amelala, mzito, miguu mirefu imetoka nje ya pindo. Nililia pale pale sakafuni, mbele ya watu, bila haya.

Tulipotoka nilimsimamisha mbele ya twiga. Alizidi mstari vidole viwili. Tulikuja na kimoja. Sikutaka kujua cha pili kilitoka wapi.

Kazija akasafiri kesho yake. Ghalib hakunisemesha njia nzima ya kutoka uwanja wa ndege, wala siku zilizofuata hakunisemesha sana. Kisha sauti za Kazija zikaanza kuingia kwenye simu yangu kutoka Dar. Ya kwanza ilikuwa ya ukali: magauni yote aliyonunua huku ni marefu, mafundi wa Kangle ni wezi. Nikamwambia apige pindo. Ya pili ilikuja baada ya mwezi. Alisema kitanda chake kimekuwa kikubwa. Kwenye ya tatu hakuwa mkali tena.

"Swalha," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, kama mtu anayeongea kutoka chumba cha mbali. "Nikikaa kwenye kiti, miguu haifiki chini. Ule uzi ulikuwa wa nini?"

Nifanyeje? Mwanangu alikuwa anacheza ukumbini, mrefu, mzima. Kazija ndiye aliyesema punguza. Nilijiambia hivyo kila usiku, na usiku mwingine niliamini.

Wiki iliyopita nilikuwa napita Dengfeng, kwenye yale maduka ya simu. Kwi... kwi... kwi... Watu walikuwa wanapishana na yule mwanamke wa kijivu bila kumtazama. Kando yake alitembea msichana anayemfika begani, amevaa mtandio wa kijivu, miguu mirefu, anaichezea kama mtu aliyenunua viatu vipya. Kigari kilikuwa bado kimefunikwa. Kulikuwa na mwingine ndani.

"Mtu mzima ana mengi ya kupunguzwa," yule mwanamke aliniambia tulipopishana. "Ila wifi yako naye amenitafuta, anataka chake kirudi. Ameshajua mimi ni nani. Anaijua biashara, yule."

Nilifika nyumbani mbio. Sikumwambia Ghalib. Nilimfungia Ilham chumbani, nikakaa na simu mkononi, nikingoja Kazija atume tusi, atume laana, atume chochote. Hakutuma kitu kwangu.

Jana jioni Ghalib alirudi mapema kutoka dukani. Alikaa mlangoni muda mrefu anavua viatu. Kisha akaniita, kwa upole ambao sijausikia tangu siku ile ya bustani.

"Mama Ilham. Dada anakusalimu. Anasema yameisha, anataka kukushonea abaya."

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, miguu mitupu, mikono ina unga. Hakunitazama. Kutoka mfukoni alichomoa uzi mweupe, na chumba kizima kikanuka pamba mpya na kafuri.

"Kwa bei gani?" nikamuuliza.

"Bure," alisema. "Simama wima."