Kitanda cha Hesheng

Haya alinisimulia Guizhen, tuliyefanya naye kazi kiwandani. Kiangazi kimoja alikwenda Wuhan kumsalimia shangazi yake. Joto lile, we! Jua likizama, mtaa mzima ulimwaga maji barabarani kupoza ardhi, watu wakatoa vitanda vya mianzi walale nje. Shangazi akatoa vitatu. Guizhen akakalia kimoja.

"Inuka, mwanangu. Hicho cha kijana wangu Hesheng."

"Shangazi, Hesheng si alizama mtoni mwaka juzi?"

"Hawajampata. Akirudi alale wapi?"

Umeme ukakatika, giza tupu. Kitanda kile kikalia kwi, kwi, kama mtu anajigeuza.

"Umechelewa, baba," shangazi akanong'ona. "Lala."

Guizhen akakipapasa. Mianzi ilikuwa imelowa chapachapa, imejaa mchanga wa mtoni.

Haya wajukuu zangu, laleni. Na msigeukegeuke.