Dari ya Buluu

Jua lilikuwa linazama mjini Beaufort, kusini mwa Marekani, na Vernelle alikuwa juu ya ngazi barazani akipaka dari rangi ya buluu, mbio mbio, kama mwizi anayefuta nyayo.

Buluu ile aliianza bibi yake, aliyemwachia jumba lile. Kizuu mchuna ngozi, pepo wa usiku anayewakalia watu vifuani, akiona buluu huidhani maji, na maji havuki. Lakini wenye kamati ya majumba ya kale walitaka dari nyeupe, kama ilivyojengwa, ndipo watoe kibao cha shaba cha heshima. Vernelle, mpenda sifa tangu utoto, akaikwangua buluu mwenyewe, kibao akakipata.

Toka hapo mumewe, Ransom, akawa anaamka na kifua cheusi kwa michubuko. Asubuhi hiyo mto wake wa kulalia ulikuwa umelowa damu. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu. Sasa alikuwa amelala juu ghorofani, hana nguvu.

Bi Althea, jirani, akasimama getini na bamia zake.

"Umekumbuka buluu leo, binti?"

"Kamati na wakasirike, Bi Althea. Namtaka mume wangu."

"Uliangalia kwanza kama kizuu ametoka?"

Brashi ikasimama.

"Maana maji hayo," Bi Althea akasema taratibu, "hata aliye ndani havuki."

Juu, kitu kikachanika. Polepole... kama shuka.

Ransom akalia mara moja tu.

Vernelle akaruka chini, akaingia ndani, akapanda ghorofani mbio. Harufu ya buchani ikampokea. Kitandani palikuwa na nyama nyekundu iliyokuwa ikipumua bado. Macho yasiyo na kope yalimtazama, kisha yakatazama nyuma ya mlango.

Hatua zenye majimaji zikatoka nyuma ya mlango, zikashuka chini. Zikafika barazani. Zikasita.

Zikarudi.

"Vernelle." Sauti ya Ransom, uso wa Ransom, ngozi ya shingo ikining'inia kama soksi kuukuu. "Umenifungia, mke wangu. Basi njoo tulale."

Bi Althea alisikia yaliyofuata. Hakuingia. Wewe ungeingia?

Kibao cha shaba kipo ukutani, kinang'aa. Kila mwaka majirani huacha kopo la rangi ya buluu getini, na Bi Althea hupaka ile dari bila kuangalia dirishani.

Vernelle humwita kutoka ndani, kwa upole sana, amwombe apake nyeupe.

Ngozi ya shingo yake nayo inaning'inia.