Diski Juu ya Mafiga

Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Mwalimu Datius alitoka Rwamishenye, mjini Bukoba, akaenda kijijini Muleba kumsalimia mama yake. Alimpelekea sukari, sabuni na kompyuta. Sukari na sabuni mama alizipokea, akashukuru, akaziweka pembeni. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Haya, washa," alisema. "Nimsikie."

Mama huyo aliitwa Anatolia. Alikuwa na miaka sabini na sita. Mume wake, mzee Kaijage, ambaye Datius alimwita tata, yaani baba, alifariki miaka miwili iliyopita. Lakini ndani ya kompyuta ya Datius, mzee alikuwa bado anaongea. Anakohoa, anacheka, anagombeza kuku.

Ilikuwa hivi. Mzee alipokuwa hai, Datius alimrekodi kwa simu. Walizunguka kibanja chote, mgomba kwa mgomba. Mzee alitaja jina la kila aina ya ndizi. Enchoncho hii. Enshakala hii. Hii ya kupika, ile ya pombe ya rubisi. Zilikuwa aina hamsini na mbili, kazi ya miaka minne. Datius alitaka kuandika kijitabu cha wanafunzi wake. Baadaye ugonjwa wa mnyauko ukaingia kibanjani, na aina nyingine ziling'olewa zote. Zikabaki kwenye picha na kwenye sauti ya mzee tu.

Mwezi wa nne kompyuta ya Datius ilijaa. Ikawa nzito, kufungua kitu kimoja ni mpaka uchoke. Datius akanunua diski ya nje, ile ambayo mjini wanaiita eksteno. Ni kikasha kidogo kinachoenea kiganjani, chenye waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Akahamishia humo picha zote na sauti zote za mzee. Kwenye kompyuta hakubakiza hata moja. Akafurahi kweli. Alijiona mjanja.

Wiki hiyohiyo wezi wakavunja nyumba ya jirani. Datius akaingiwa na hofu. Jumapili akaipeleka eksteno kwa mama yake.

"Mama, sauti ya tata yote imo humu. Ifiche vizuri. Na tafadhali, isipate unyevu hata kidogo."

Ilikuwa masika, kuta zinatoa jasho. Mama akaitikia kwa kichwa. "Nimekuelewa, mwanangu."

Kisha mambo ya mitihani yakambana Datius. Jumapili sita hakwenda kijijini. Siku aliyokwenda, kitu cha kwanza aliulizia eksteno.

Mama akaingia jikoni. Akapanda juu ya kigoda, akapapasa kwenye kichanja kilicho juu ya mafiga, pale anapokaushia mahindi na mbegu za maharage. Akashusha kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani yake ilikuwamo eksteno, nyeusi kwa masizi. Upande mmoja plastiki ilikuwa imepinda.

"Mawe, mama wee!" Datius alipiga kelele. "Mama, umeiweka juu ya moto?"

"Si ulisema isipate unyevu? Nyumba hii pakavu ni hapo tu. Mbegu zangu hazijawahi kuoza hapo."

Datius akachomeka waya. Taa ikawaka, ikazimika. Akachomoa, akachomeka tena. Ikawaka, ikazimika. Alifanya hivyo mara nane, jasho linamtoka. Kisha hasira zikampanda, akasema neno ambalo mtoto hamwambii mzazi.

"Mama, umemuua tata mara ya pili!"

Mama alishika kigoda akakaa polepole. Kuku mmoja akaingia jikoni, na wala hakumfukuza. Baada ya muda akainuka, akachukua kanga yake na mfuko wake mdogo.

"Tunakwenda wote mjini," alisema. "Kama nimeharibu mimi, nataka nisikie kwa masikio yangu."

Wakashika njia.

Jirani yake Datius pale Rwamishenye ni Agnetha, fundi kompyuta. Anafanyia kazi barazani kwake. Alimkaribisha mama, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akampa chai. Ndipo akaipokea eksteno. Aliigeuza, akainusa.

"Hii imekula moshi," alisema. "Umeichomeka mara ngapi baada ya kuona haifunguki?"

"Kama mara nane."

"Usirudie, mwalimu. Kitu kama hiki kikishaumwa, kila unapokiwasha unakiumiza zaidi. Kiache, kilete kwa fundi. Sasa niambie. Kwenye kompyuta umebakiza nini?"

"Hakuna. Nilihamisha zote."

"Kwenye flashi je?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo nakala zilikuwa ngapi?"

Datius akajikuna kichwa. "Moja."

"Moja, ee waitu, jamani! Basi hukuweka akiba. Umehamisha vitu tu, umevitoa chumba hiki ukaviweka kile. Kuhamisha si kunakili. Ukinakili, kitu kinakuwa huku na kule."

"Kompyuta ilikuwa imejaa," Datius alijitetea.

Agnetha akaivuta kompyuta, akatazama kilichojaza. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Filamu mia moja na themanini! Yaani hizi ndizo zilizobaki nyumbani, mzee ndiye aliyehamishwa?"

Mama Anatolia akageuza shingo, akamtazama mwanawe. Datius akatamani ardhi ipasuke.

Agnetha akamgeukia mama. "Mama, mbegu zako za maharage unaweka wapi?"

"Nyingine juu ya mafiga. Nyingine kwenye mtungi, chumbani. Na nyingine huwa nampa wifi yangu Edvina, anakaa ng'ambo ya mto."

"Kwa nini usiziweke zote pamoja?"

"Nina wazimu?" mama aliuliza. "Wakija panya? Ikiungua nyumba? Mwaka mmoja jiko liliungua, nikaenda kwa Edvina, nikapanda."

Datius ana cheti cha ualimu, na amefundisha miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemwambia, lakini alielewa. Akashuka kwenye kiti, akapiga goti mbele ya mama yake.

"Mama, nisamehe. Si wewe. Mimi ndiye niliyeiacha sauti ya tata mahali pamoja. Na mimi ndiye niliyekuambia kavu, sikukuambia joto."

"Ulisema nimemuua."

"Nilikosa, mama."

"Ulikosa sana," mama alisema. "Inuka, unachafua suruali."

Agnetha hakuwaahidi kitu. Alifungua kikasha kilichopinda, akatoa diski yenyewe iliyomo ndani, akaivika kikasha kingine. Kazi ilimchukua siku tatu. Mama hakurudi kijijini. Kila asubuhi alichungulia ua wa jirani na kuuliza, "Ameongea?"

Siku ya nne mzee aliongea. Aina arobaini na moja zilipatikana, sauti na picha. Kumi na moja hazikufunguka, na Agnetha alisema wazi kwamba hizo zimekwenda. Mama alilia kidogo kwa zile kumi na moja. Kisha akasikiliza zilizobaki zote, mpaka chai ikapoa.

Sasa Agnetha akawaelekeza. Datius alifuta filamu zake, huku mama akisimamia. Sauti za mzee zikarudi kwenye kompyuta. Zikanakiliwa kwenye eksteno mpya, ikae kwa Datius, kabatini. Zikanakiliwa kwenye eksteno nyingine, ikae Muleba, kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya sanduku la mama, mbali na moto na mbali na maji.

"Ukimaliza kunakili, fungua mbili tatu usikilize," Agnetha alisema. "Usiamini tu kwamba zimeingia. Na usichomoe waya hovyo. Iambie kwanza kompyuta kwamba unataka kuitoa, ikikuruhusu ndipo uchomoe. Hizi nazo huzeeka, mwalimu. Ikianza kusuasua, badilisha mapema."

Datius alimwomba mama yake aeleze zile ndizi kumi na moja. Mama alikataa katakata.

"Niongee ndani ya kitu kinachokufa? Sitaki."

Mwezi wa kumi, mchana mmoja, radi ilipiga Rwamishenye. Kompyuta ya Datius ilikuwa kwenye umeme. Ikaungua, haikuwaka tena. Zamani angejishika kichwa. Safari hii aliazima kompyuta ya shule, akaenda kabatini, akachomeka eksteno. Kabla chai haijachemka, mzee Kaijage alikuwa anagombeza kuku.

Jumapili alikwenda kijijini na kompyuta ile ya kuazima, akamsimulia mama yake. Mama hakuamini mpaka aliposikia mwenyewe. Alisikiliza sauti tatu, akaweka vizuri kanga yake begani.

"Baba yako alizipanda," alisema. "Lakini nimezipika mimi, miaka hamsini. Washa hiyo simu yako."

Datius akawasha. Mama akaeleza ndizi ya kwanza kati ya zile kumi na moja. Alieleza umbo lake, ladha yake, na kwamba ukiipika na maharage mabichi wageni hawaondoki. Hilo hata mzee hakulijua. Alipomaliza, Datius alikuwa anafuta macho.

"Endelea, mama. Ya pili."

"Umeshaweka hiyo ya kwanza mahali patatu?"

"Bado. Tumalize zote kwanza, halafu..."

"Hatumalizi kitu. Weka kwanza. Nakala ya kabatini mjini utaiweka jioni, hizi mbili weka sasa hivi, nikiona."

Datius akatoa sauti kwenye simu, akaiingiza kwenye kompyuta. Akaleta kopo, akachomeka waya, akanakili. Akafungua nakala ili wasikilize. Sauti ya mama Anatolia ikajaa chumba.

Mama akaisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Haya. Ya pili."