Insha ya Michembe

Kila jioni, Limi alipofika tu mlangoni kutoka shule, alikuwa na maneno yake yasiyobadilika: "Mama, nina kazi ya shule." Maneno hayo yalikuwa na nguvu kuliko hirizi. Yakishatamkwa, hakuna aliyethubutu kumtuma hata chumvi.

Mama yake, ambaye mtaani kwao Kalangalala walimwita Mama Limi, alikuwa akitengeneza michembe na matobolwa, vyakula vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuviuza sokoni Geita. Uani kwao kulikuwa na turubai lililojaa vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba huko Kharumwa, na hamu yake kubwa ilikuwa kumwona bintiye akisoma. Kwa hiyo Limi alipoingia kidato cha kwanza, mama alimwondolea kazi zote. Mdogo wake, Mayala, ndiye aliyebaki kumenya viazi na kuchota maji.

"Kwani mimi sisomi?" Mayala alinung'unika.

"Mwache dada yako, yuko sekondari," mama alimjibu.

Maskini mama! Laiti angejua. Limi alikuwa akifungua daftari, akiliacha wazi mezani, kisha akipenya mlango wa nyuma hadi kwa akina Nelly, rafiki yake, kutazama tamthilia.

Siku moja Mwalimu Agnetha, aliyewafundisha Kiswahili, aliwapa kazi ya kuandika insha inayoeleza chakula kimoja cha kwao kinavyotengenezwa. "Muulize mzazi wako, uandike, halafu umsomee," alisema. "Akiridhika, atie sahihi."

Limi aliiandika kwa akina Nelly, jicho moja kwenye daftari na jingine kwenye televisheni.

"Hivi michembe inaanzaje?" alijiuliza kwa sauti.

"Si unachemsha viazi, unakata, unaanika?" alisema Nelly. Wazazi wake walikuwa wamehamia Geita kutoka Mbeya, na michembe yeye aliijua ikiwa kwenye sahani tu. "Andika haraka uone, bibi harusi anatoroka!"

Limi akaandika hivyo hivyo. Aliporudi nyumbani, alimkuta mama mikono imejaa utomvu wa viazi.

"Nisomee basi, mwanangu."

"Ni ndefu, mama, nami nimechoka. Iko sawa, tia sahihi tu."

Mama alinawa, akakausha mikono kwa kanga yake, akatia sahihi taratibu, kwa heshima zote.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Mwalimu Agnetha alimwita Limi pembeni. "Hapa umeeleza matobolwa," alisema. "Yale ndiyo huchemshwa kwanza. Michembe hukatwa viazi vikiwa vibichi, vikaanikwa. Wewe, mtoto wa Kisukuma, tena mama yako ndiye anayeniuzia! Ulimsomea kweli?"

Limi angeweza kusema kweli yakaisha palepale. Badala yake alijibu, "Ndiyo, mwalimu. Mama ndiye aliyeniambia hivyo."

Mwalimu alifunga daftari. "Sawa. Jioni nitapita kwenu, nimuulize mwenyewe."

Njia ya mwongo ni fupi, na siku hiyo njia ya kurudi nyumbani nayo ilikuwa fupi mno. Limi hakuogopa adhabu. Aliona aibu akifikiria mama yake akiulizwa, majirani wakisikia, kama anaijua kazi iliyomnunulia yeye Limi sare za shule. Mwalimu angefika kabla yeye Limi hajasema kitu, mama angeaibika bure.

Alimkuta mama amemwekea sahani ya michembe iliyopikwa kwa karanga. "Kula kwanza," mama alisema. "Msomi hasomi na njaa."

Limi akaweka sahani chini, akaeleza yote: tamthilia, insha, na uongo aliomwambia mwalimu. Mayala aliacha kumenya, akasikiliza mdomo wazi.

Mama alimgeukia, kisu mkononi. "Kwa hiyo umemwambia mwalimu mimi sijui michembe?"

"Ndiyo, mama. Nimekudanganya, na nimekusingizia. Nisamehe."

"Hayo ya kwa akina Nelly yameniudhi," mama alisema polepole. "Hili la kunisingizia limeniuma." Alivuta pumzi, kisha akamnyooshea kisu. "Haya, kaa hapa umenye. Mayala, nenda kacheze."

Mayala hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Limi alimenya. Mwanzoni aliogopa hata kuinua macho, lakini baadaye akauliza, "Mama, kwa nini unaviacha vinyauke kwanza?"

"Ili visivunjikevunjike ukivikata," mama alijibu, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Walikuwa bado wanaongea Mwalimu Agnetha alipobisha hodi.

"Mwadela, Mama Limi!" alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadela, mwalimu. Karibu."

"Shikamoo, mwalimu," Limi alisema, akasimama kabla hajaulizwa kitu. "Nilisema uongo. Mama sikumuuliza, wala sikumsomea."

"Marahaba. Nimefurahi umenitangulia kwa ukweli," alisema mwalimu. "Insha utaiandika upya, na alama nitazipunguza."

"Na mimi nina kosa," mama akadakia. "Nilitia sahihi kitu nisichokijua. Nilidhani mambo ya sekondari yamenizidi kimo."

"Hata mimi ninalo. Niliwaagiza watoto tu, wazazi sikuwaita nikawaeleza." Mwalimu aliketi kwenye kigoda. "Figa moja haliinjiki chungu. Mwanafunzi afanye kazi yake mwenyewe, bila hila. Mzazi ampe nafasi, amuulize, amsikilize. Mwalimu asahihishe na kumwelekeza. Mmoja wetu akijitoa, chungu kinapinduka, na anayelala njaa ni mtoto. Umenisikia, Limi?"

"Nimekusikia, mwalimu."

Mama alimvuta bintiye karibu. "Unajua, mwanangu," alisema, machozi yakimlengalenga, "tangu uingie sekondari nimekuwa nikingoja siku utakayoniuliza kitu."

Limi alimkumbatia shingoni kwa nguvu. "Basi nitakuuliza mpaka uchoke, mama."

"Uliza," alisema mama. "Sichoki."